Tanbihi za makala za sheria zifunguliwe moja moja kabla ya kuchapwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba majarida ya kitaaluma ya sheria yanawachelewesha waandishi, kiasi kwamba makala iliyopelekwa ikiwa bado mbichi huja kuchapwa wakati sheria inayozungumziwa imekwisha kurekebishwa. Malalamiko yake ni ya kweli, nami niliyekaa miaka mingi upande wa pili wa meza, nikiwa mhariri msaidizi wa jarida la namna hiyo, sina sababu ya kuyakana. Hata hivyo dawa aliyoipendekeza, yaani kufupisha kila hatua iliyopo kati ya kupokelewa kwa makala na kuchapwa kwake, nahofia itaanza kwa kuifuta hatua ambayo tayari ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo ni ukaguzi wa tanbihi. Muda na upunguzwe kwingine kote. Lakini makala ya sheria isichapwe kabla ya mtu mwingine, asiyekuwa mwandishi wake, kufungua kila chanzo kilichotajwa chini ya ukurasa, kukisoma, na kuridhika kwamba kinasema kile ambacho mwandishi anadai kinasema.

Huenda wasomaji wasio wanasheria wakaona kwamba ninalikuza jambo dogo. Naomba wazingatie jinsi hoja ya kisheria inavyojengwa. Mwanasheria hana maabara ya kurudia jaribio. Anapoandika kwamba mdaiwa anawajibika au hawajibiki, ushahidi wake wote ni kifungu fulani cha sheria, aya fulani ya hukumu, au maneno fulani ya mkataba wa kimataifa. Vyote hivyo hukaa kwenye tanbihi. Ukiziondoa tanbihi, kinachobaki ni maoni ya mtu mmoja, pengine mazuri, lakini yasiyoweza kumsaidia wakili anayeandaa hoja zake usiku wa kuamkia siku ya kesi, wala hakimu anayetafuta msingi wa uamuzi wake. Ndiyo maana makala moja ya sheria huweza kuwa na tanbihi 100 au 200, na wakati mwingine tanbihi hizo zikachukua nusu ya kila ukurasa.

Tena makala za sheria haziishii maktabani. Mwaka 1890 mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, walichapisha katika jarida la Harvard Law Review makala iliyodai kwamba sheria inapaswa kulinda haki ya mtu kuachwa na faragha yake. Walikusanya hukumu za zamani zilizohusu barua binafsi, michoro isiyochapishwa na uvunjaji wa uaminifu, wakaonyesha kwamba nyuma ya zote kulikuwa na kanuni moja ambayo majaji walikuwa hawajaipa jina. Mwaka 1902 mahakama ya juu ya jimbo la New York ilikataa kuifuata hoja hiyo, na mwaka 1905 mahakama ya juu ya jimbo la Georgia ikaijadili na kuikubali. Hadi leo mtu anayesoma habari za faragha katika sheria ya Marekani huanzia kwenye kurasa zile. Ikiwa makala iliyoandikwa na mawakili wawili inaweza kuingia mahakamani kwa mlango wa mbele namna hiyo, basi kosa lililomo ndani ya makala laweza kuingia nayo, na hakuna mtu mlangoni wa kulizuia isipokuwa mhariri.

Makosa ninayoyazungumzia mara nyingi hayatokani na udanganyifu. Katika miaka yangu yote ya uhariri niliwakuta waandishi waongo wachache mno. Niliowakuta wengi ni watu waaminifu waliochoka. Kosa la kawaida kuliko yote ni kunukuu kupitia kwa mwingine: mwandishi anasoma kitabu cha kiada, anakuta humo hukumu imetajwa pamoja na namba ya ukurasa, naye anaihamishia kwenye tanbihi yake kana kwamba ameisoma mwenyewe. Kama mwandishi wa kitabu alikosea ukurasa, kosa lile lile linatokea kwenye makala, kisha kwenye makala ya tatu na ya nne, na baada ya miaka kumi linaonekana kuwa ukweli kwa sababu tu limerudiwa mara nyingi. Kosa la pili ni kuchukua maneno aliyoyasema jaji kwa kupita, pasipo kuhitajika katika uamuzi wa shauri lililokuwa mbele yake, na kuyatangaza kuwa ndiyo uamuzi wenyewe.

Lipo pia kosa la tatu, ambalo kwangu ndilo la hatari zaidi, la kuitegemea hukumu iliyokwisha kutenguliwa. Chukua shauri la Anns dhidi ya baraza la mtaa wa Merton, ambamo mwaka 1977 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, liliamua kwamba mamlaka ya mtaa inaweza kuwajibika kwa uzembe katika kukagua msingi wa jengo. Kwa zaidi ya miaka kumi uamuzi huo ulifundishwa kila mahali. Mwaka 1990 mahakama hiyo hiyo iliutengua katika shauri la Murphy dhidi ya Brentwood. Mwandishi anayeutaja uamuzi wa kwanza bila kuutaja wa pili anampotosha msomaji wa Uingereza, ingawa kila neno alilonukuu ni sahihi. Na jambo haliishii hapo, kwa sababu New Zealand iliendelea na msimamo wake wa kuziwajibisha mamlaka za mitaa, na mwaka 1996 majaji wa rufaa waliokaa London kusikiliza shauri kutoka huko walikubali kwamba mahakama za New Zealand zilikuwa na haki ya kushika njia yao. Kwa hiyo haitoshi mkaguzi kuuliza kama hukumu ipo. Anapaswa kuuliza kama bado ina nguvu, na ina nguvu wapi.

Wanasheria waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 1873 Frank Shepard wa Chicago alianza kuuza karatasi ndogo zenye gundi, zilizoorodhesha kesi za baadaye zilizoigusa hukumu fulani, ili wakili azibandike pembeni mwa ukurasa wa kitabu chake cha ripoti za kesi na ajue mara moja kama hukumu anayoisoma imefuatwa, imetofautishwa au imetupwa. Karatasi zile zimekuwa vitabu, vitabu vimekuwa hifadhidata, na kazi ambayo wakati ule ilikula siku nzima sasa humalizika kwa dakika chache. Kisingizio cha kutokuwa na nyenzo, kwa hiyo, kimepungua sana.

Sisemi haya nikiwanyooshea wengine kidole. Nilipokuwa mhadhiri kijana nilichapisha makala iliyosimama juu ya sentensi moja ya hukumu, sentensi nzuri, fupi, iliyosema hasa kile nilichotaka kusikia. Niliipata ikiwa imenukuliwa katika kitabu ninachokiheshimu, nami sikwenda kuisoma hukumu yenyewe. Wahakiki wawili waliisoma makala yangu, wakanitaka nipanue sehemu ya pili na kulainisha hitimisho, na hakuna kati yao aliyeigusa ile tanbihi. Baada ya miaka miwili mwanafunzi wangu mmoja alikuja ofisini akiwa na kitabu cha ripoti za kesi kifuani, akaniomba radhi mara mbili kabla ya kukifungua, kisha akanionyesha kwamba sentensi ile iliandikwa na jaji aliyepingana na wenzake. Walio wengi walikuwa wameamua kinyume. Niliandika sahihisho na jarida likalichapa katika toleo lililofuata, mistari sita mwishoni kabisa. Makala yangu iliendelea kutajwa na waandishi wengine kwa miaka mingi. Sijapata kuona hata mmoja aliyelitaja sahihisho.

Tangu siku ile nimejiuliza ni kwa nini wasomi wawili makini walishindwa kuona kile alichokiona mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Jibu nililolipata ni kwamba hawakuombwa kukitazama. Fomu ya uhakiki niliyokuja kuisimamia mwenyewe baadaye iliuliza kama hoja ni mpya, kama muundo unaeleweka, kama mwandishi amezingatia maandishi ya waliomtangulia. Haikuuliza kama mhakiki amefungua hata chanzo kimoja. Mhakiki hutumiwa makala isiyo na jina la mwandishi, naye husoma bila malipo, usiku, baada ya kazi zake; huo ni ukarimu mkubwa, na ni vigumu kumdai zaidi. Kazi ya kufungua vyanzo lazima iwe ya mtu mwingine, mwenye jukumu hilo peke yake.

Hapa ndipo nadhani mila mbili za uchapishaji wa sheria zina la kujifunza kila moja kwa mwenzake. Nchini Marekani majarida mengi ya vyuo vya sheria yanaendeshwa na wanafunzi, desturi iliyopata nguvu tangu Harvard Law Review ilipoanzishwa mwaka 1887. Mwandishi anaruhusiwa kupeleka makala moja kwa majarida mengi kwa wakati mmoja, na anayeamua kuikubali mara nyingi ni mwanafunzi ambaye hajamaliza hata shahada yake. Lawama dhidi ya utaratibu huo ni nyingi, na baadhi yake naziunga mkono: ni vigumu kwa mwanafunzi kujua kama hoja ya sheria ya kodi au ya bahari ni mpya kweli. Lakini wanafunzi hao hufanya jambo moja ambalo wasomi wengi hawalifanyi. Makala ikishakubaliwa, wanagawana tanbihi zake, wanakwenda kutafuta kila kitabu na kila hukumu, na kulinganisha nukuu neno kwa neno. Hata mwongozo wa kutaja vyanzo unaotumika zaidi nchini humo, uitwao Bluebook, ulitoka mikononi mwa wanafunzi mwaka 1926, ukiwa na kurasa 26 tu. Baadaye ulivimba hadi kupita kurasa 500, nami nakiri kwamba kurasa nyingi kati ya hizo zinahusu nukta na mkato kuliko ukweli.

Mila ya pili ni ile ya majarida yanayohaririwa na wasomi, kama Law Quarterly Review iliyoanza London mwaka 1885 chini ya Frederick Pollock. Huko makala hupelekwa kwa jarida moja tu kwa wakati, na huamuliwa na watu wanaolijua somo. Majarida mengi ya sheria duniani yamefuata njia hiyo, na ni njia nzuri ya kupima hoja. Ila yalipoifuata, mengi yao hayakuweka mtu wa kupima msingi uliobeba hoja. Tumebaki na mila moja yenye wakaguzi wasiojua somo, na nyingine yenye wajuzi wasiokagua.

Msomaji wako ataniuliza kama basi siongezi muda juu ya muda. Nimwambie muda unakopotelea, kwa kuwa nimeuona ukipotea. Makala hukaa wiki kadhaa kwenye barua pepe ya mhariri mkuu kabla hajaisoma. Kisha hutafutwa wahakiki. Wa kwanza hajibu, wa pili anakataa, wa tatu anakubali na kusahau. Ripoti mbili zinapofika hatimaye, zinapingana, na anatafutwa mhakiki mwingine. Mwandishi anarekebisha, makala inarudi, halafu inangoja toleo lenye nafasi. Miezi inakwisha namna hiyo pasipo mtu kuishika makala mkononi. Ukaguzi wa tanbihi hauhitaji miezi. Tulipokuwa tukiufanya, mimi na mwenzangu mmoja, makala yenye tanbihi 120 ilituchukua siku tatu au nne za kazi. Mhariri aweke ukomo wa wiki mbili kusema ndiyo au hapana kwa mara ya kwanza, amtumie mhakiki kumbusho kila wiki, achape makala kwenye mtandao mara inapokamilika badala ya kungoja toleo zima; ataokoa muda mwingi kuliko tunaouhitaji kwa vyanzo.

Kuna mambo mawili ya miaka yetu yanayoufanya ukaguzi huu uwe wa lazima kuliko wakati wowote. La kwanza ni anwani za tovuti. Waandishi sasa wanataja ripoti za wizara, taarifa za mashirika na hata miswada ya sheria kwa kuandika anwani ya mtandaoni tu. Mwaka 2014 watafiti wa Harvard, Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig, walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya anwani zilizotajwa katika Harvard Law Review na majarida mengine waliyoyachunguza hazikumfikisha tena msomaji kwenye maandishi yaliyokusudiwa, na kwamba hali ilikuwa hivyo hivyo kwa asilimia 50 ya anwani zilizomo katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani. Maktaba ya sheria ya Harvard ilikwisha kuanzisha huduma iitwayo Perma.cc, inayohifadhi nakala ya ukurasa kama ulivyokuwa siku ulipotajwa. Mkaguzi anayefungua anwani kabla ya kuchapwa ndiye pekee anayeweza kuona kwamba imekufa, na kuhifadhi nakala kama bado iko hai.

La pili ni programu za akili unde. Mwezi Juni mwaka 2023, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, jaji wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kubainika kwamba hukumu kadhaa walizozitaja katika hoja zao hazijawahi kuwapo duniani. Zilitungwa na ChatGPT, zikiwa na majina ya wadaawa, namba za kesi na nukuu zilizoonekana za kweli kabisa. Walipotakiwa kuleta nakala za hukumu hizo, walileta maandishi yaliyotungwa na programu ile ile. Mahakamani kosa hilo lilifichuliwa kwa sababu kulikuwa na wakili wa upande wa pili aliyezitafuta kesi hizo na kuzikosa. Makala ya jarida haina upande wa pili. Mhakiki akipita juu ya tanbihi, na mhariri akipita, hukumu ya kubuni itachapwa kwa herufi za mlazo, itaingia kwenye hifadhidata, na itasomwa na watu wenye haki ya kuamini kwamba jarida lenye bodi ya wahariri limeikagua.

Najua nitajibiwa kwamba wajibu ni wa mwandishi. Ni kweli, na mwandishi asiposoma anachokitaja amekosa uaminifu kwa taaluma yake. Lakini jarida linapoweka jina lake juu ya makala linatoa dhamana kwa msomaji, na dhamana hiyo ndiyo inayolitofautisha na zile kampuni zinazomwandikia kila msomi barua pepe zikimwahidi kuchapa makala yake ndani ya siku chache kwa ada. Wanachouza ni wepesi tu. Naliomba kundi la waandishi wachanga, ambalo nadhani mlalamikaji wetu yumo, wasiione ahadi hiyo kuwa nafuu. Makala iliyochapwa bila kusomwa na mtu haimjengei mwandishi wake heshima yoyote, na kuiondoa baadaye ni kazi ngumu.

Nitajibiwa pia kwamba majarida hayana fedha. Hilo nalijua kwa kulipitia. Sisi tulianza kwa kumtaka mwandishi, pindi makala yake ilipokubaliwa, alete pamoja nayo nakala ya kila ukurasa wa hukumu, kitabu au ripoti aliyoinukuu, ikiwa na namba ya tanbihi juu yake na mstari unaohusika umewekewa alama. Mwanzoni waandishi walinung'unika. Baadaye wengi walituandikia kwamba katika kukusanya nakala hizo waligundua makosa yao wenyewe na kuyaondoa kabla hatujayaona. Wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho, chini ya usimamizi wangu, walilinganisha nakala na makala, na kazi hiyo iliwafundisha kusoma hukumu kwa namna ambayo mihadhara yangu haikuwahi kuwafundisha. Gharama yetu ilikuwa chai na karatasi.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili kwa bodi za majarida ya sheria. Kwanza, fomu ya uhakiki iseme waziwazi kwamba mhakiki anapima hoja, na kwamba vyanzo vitakaguliwa na mtu mwingine atakayetajwa kwa jina ndani ya jarida, ili kazi hiyo nayo ihesabiwe katika maendeleo ya kitaaluma ya anayeifanya. Pili, na hili linamgusa moja kwa moja msomaji aliyelalamika kwamba makala hutoka ikiwa imepitwa na sheria, juu ya tanbihi ya kwanza ya kila makala ichapwe tarehe ambayo vyanzo vyake vyote vilifunguliwa kwa mara ya mwisho. Wakili atakayeisoma makala hiyo miaka mitano baadaye atajua ni kuanzia siku gani anapaswa kuanza kutafuta mabadiliko.

Wasalaam,

Mhariri msaidizi mstaafu wa jarida la sheria